Nilikwenda Pemba Kutafuta Shahidi

Mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alianguka kutoka juu ya mti akirina asali, huko Murusagamba, akavunjika kiuno. Hakufa siku ile. Alilala kitandani miaka miwili akitulaumu sote, ndipo akafa. Mimi nilikuwa nimefika darasa la pili. Nikaacha shule nikamfuata baba mdogo Kaniha, kwa miguu, nimebeba mzinga wa gome kichwani, na ndani ya mzinga nguo zangu, kwa sababu mfuko hatukuwa nao. Shida ilianzia hapo. Kila nilichokipata tangu siku ile nimekipata kwa nyuki, si kwa kalamu. Kwa hiyo mkiona mwandiko umepinda, uvumilieni.

Ninaandika kwa sababu nimechoka kuulizwa. Kila nikija Kabanga mnanishika mkono: "Mzee Bukuru, ni kweli ulifungwa Pemba kwa uchawi?" Sikufungwa. Someni hapa, mkimaliza msiniulize tena.

Kwanza mjue nilichokuwa natafuta. Kijiji chetu kina bonde moja lenye msitu, linaitwa Nyakasenyi. Ndio msitu wa mwisho tuliobaki nao. Mizinga yangu sabini na tatu ilikuwa inaning'inia humo, pamoja na ya wazee wenzangu wa kikundi. Vijana walitaka bonde ligawanywe mashamba ya mahindi. Mkutano wa kijiji ukatupa sisi warina asali nafasi moja tu: baada ya mavuno tulete shahidi, mtu wa mbali asiye na mzinga wala shamba kwetu, aeleze kama kweli kuna kijiji kinachokula kwa kuacha msitu usimame. Maneno yangu hayakutosha. Nikisema msitu una faida, wanasema huyo anatetea mizinga yake. Na ni kweli nilikuwa naitetea.

Bwana mmoja wa mradi wa nyuki akatuambia kuna bonde la msitu huko kisiwani Pemba. Wanakijiji wanalilinda wenyewe, wageni wanakuja kulitembelea, na katibu wa kamati yao, mama mmoja anaitwa Bi Zuwena, amekubali kuja Kaniha kusema mbele ya mkutano. Tukatakiwa tuende kwanza tukaone kwa macho yetu, kisha turudi naye. Wakachaguliwa watu wawili, mimi na Nyandwi.

Nyandwi mnamjua wengi wenu. Kwa wasiomjua: wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni mwa mama yake. Ana mizinga kumi na minne na mdomo usiolala.

Kaniha hadi Nyakanazi

Tuliondoka asubuhi kwa bodaboda mbili. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara imekuwa uji. Mimi nilikuwa nimeshika dumu la asali la lita tano, zawadi ya Bi Zuwena, asali nyeupe ya kwanza ya msimu. Mke wangu alitufungia ugali wa muhogo na maharage kwenye majani ya mgomba. Njiani majirani walitutania.

"Mzee Bukuru, Pemba huko wana dawa! Mtarudi mbuzi wawili!"

Nyandwi akawajibu, "Mzee akirudi mbuzi nitamchunga. Mtakuja kuomba maziwa."

"Wewe mkimbizi nyamaza," nikamwambia, "utatuangusha kwenye tope."

"Mimi nilikimbia mara moja, muzee. Wewe umekimbia shule kila siku mpaka wakakuacha."

Wakacheka, hata dereva wangu akacheka. Nami nilicheka. Nimeandika hapa kuwa nilicheka, kwa sababu ndani ya safari hii nimecheka mara chache.

Pale Nyakanazi tulingoja basi linalotoka Kabanga. Tuliambiwa saa mbili. Likaja saa saba. Watu walikuwa wanauza mahindi ya kuchoma na mayai, nami nikakataa kununua kwa sababu tulikuwa na chakula chetu. Tulipolifungua fungu la mke wangu tukakuta maharage yamechacha. Nikayala hivyo hivyo. Nyandwi akala mahindi, ananiangalia tu.

Barabarani, mbele ya Nzega

Tulilala Kahama, kesho yake tukaendelea. Mbele ya Nzega basi likafa. Kondakta akasema ni dakika kumi. Dakika kumi zile zilianza saa nne asubuhi, zikaisha saa kumi na moja jioni. Hapakuwa na kivuli ila cha basi lenyewe, nacho kikawa kinatukimbia kadiri jua linavyopanda.

Mama mmoja Msukuma, aliyekuwa anakwenda kuuguza binti yake Dodoma, alitoa michembe, viazi vitamu vile vilivyokaushwa. Alikuwa ameipika kwake, akagawa kwa kila aliyekaa karibu bila kuuliza kabila.

"Kula, mzee. Njaa ya njiani haina heshima."

Nilitaka kumlipa kwa asali kidogo, ndipo nikafungua dumu. Hilo lilikuwa kosa, na mrina asali mwenye akili asingelifanya. Joto lilikuwa limeifanya asali ivimbe, ikafoka ikamwagika kwenye sakafu ya basi. Haikupita nusu saa, nyuki wakafika. Kwanza kumi, halafu wakaitana. Abiria wakatoka kwa mlango na kwa madirisha. Mtu mzima mmoja mwenye suti alipita dirishani akaacha kiatu ndani.

"Nani ameleta wadudu kwenye gari langu?" kondakta akapiga kelele akiwa mbali.

"Wamekuja wenyewe," nikamwambia. "Wewe tengeneza gari, nyuki niachie mimi."

Nikaingia peke yangu. Nilichukua kitambaa nikakilowesha asali, nikakitoa nje nikakitundika kwenye kichaka mbali na barabara, nikafuta sakafu kwa mchanga na maji. Nyuki wakahamia kichakani. Hakuna hata mmoja aliyenigusa. Watu wakanipigia makofi, na yule mama Msukuma akasema, "Huyu mzee ana kitu."

Nami nilijiona. Nawaambia kweli, nilijiona mkubwa. Miaka hamsini na kitu nyuki wananijua, nikafikiri basi hakuna mahali penye nyuki ambapo Bukuru atakuwa mjinga.

Asali ilibaki nusu dumu.

Majini

Ya Dar es Salaam sina la kusema. Tuliingia, tukalala, tukatoka.

Baharini nililia. Si kwa huzuni, kwa tumbo. Boti ilikuwa kubwa, ina viti kama vya kanisani, lakini ilikuwa inapanda na kushuka, na mimi nilitapika mpaka vitu nilivyokula nikiwa kijana. Nyandwi alikuwa amelala amefungua mdomo kama samaki. Jirani yangu kitini alikuwa mama wa Kipemba anayefanya biashara ya nguo. Akanipa ndimu iliyokatwa.

"Inuse, baba. Usiyatazame maji, tazama mbali."

"Mbali kote ni maji, mama."

"Basi fumba macho. Waenda kwa nani Pemba?"

"Nimetoka Ngara, nakwenda kuangalia msitu."

Akanitazama sana. "Umetoka Ngara, hukohuko mpakani, ukavuka bara zima, kuja kutazama miti?"

"Natafuta mtu wa kuja kusema habari ya miti."

"Lahaula," akasema. "Kwenu miti haisemewi na wenyewe?"

Swali lile sikulijibu, nilikuwa natapika.

Bondeni

Tulishuka Mkoani, kusini ya kisiwa, tukapanda gari kwenda kaskazini. Vilima vyao ni vidogo na vya kijani kibichi, karafuu zimeanikwa kwenye mikeka pembeni mwa barabara, hewa yote inanukia kama dawa ya meno. Tulipokelewa kijijini na Bi Zuwena mwenyewe. Ni mama wa miaka hamsini hivi, mwembamba, ana ushungi na viatu vya plastiki, anatembea haraka kuliko Nyandwi.

"Shikamoo, mzee wangu. Poleni na bahari."

"Marahaba, mwanangu. Bahari tumeiacha hukohuko."

Nikampa asali. Akaipokea kwa mikono miwili, akauliza kama haikuchanganywa na pombe. Nikamwambia asali yangu haijawahi kuchanganywa hata na maji. Wakatupikia muhogo wa nazi na pweza. Muhogo niliukubali, ingawa sijui kwa nini waliuogesha kwenye nazi. Pweza nilimwangalia na yeye akaniangalia. Nyandwi alikula wa kwake na wangu.

Bi Zuwena alikuwa ana maswali kuliko sisi. "Kaniha kuna baridi? Nichukue sweta?" "Wanawake husimama mkutanoni wakasema?" "Nikisema Kiswahili changu cha kwetu watanielewa?" Alikuwa hajawahi kufika bara. Akatuonyesha mkoba aliokwisha ununua.

Kesho yake akatupeleka kwenye hifadhi. Nilipouona msitu wenyewe nilivunjika moyo kidogo. Ni bonde dogo. Upande huu unasikia watu wanapura mpunga, upande ule unasikia adhana. Kwetu zamani eneo kama lile tungeliita kichaka. Lakini tulipoingia ndani nikaacha kulinganisha. Miti yake mimi siijui. Kuna mmoja kama mnazi, mwembamba, shina lake jeupe lina pete, wanauita mpapindi, wanasema asili yake ni kwao Pemba. Jua halifiki chini. Maji yanatembea polepole kati ya mizizi. Popo wakubwa kama kuku wananing'inia juu, na wazungu wawili wamesimama wanawapiga picha, wamelipa kiingilio kwa hilo. Watu wazima.

"Hapa, mzee wangu," Bi Zuwena alisema, "hata ukuni ulioanguka hautoki. Wauacha uoze."

"Na anayeutoa?"

"Hutozwa. Na watoto wake hutaniwa skuli. Wazee wetu waliuogopa msitu huu tangu zamani, wasema una wenyewe. Kamati ilikuja juzi tu, hofu ilikuwapo."

Akanionyesha mvule mmoja mnene, ambao watu saba hawaukumbatii. Chini yake palikuwa na kitambaa chekundu kilichofifia na chupa ya marashi. Mvule mkubwa kama ule ulibaki huo tu bondeni. Mingine ilikwenda kwenye misumeno enzi za nyuma.

Akaniuliza na yeye, "Mizinga yenu mwatengeneza kwa nini?"

"Kwa magome," nikamwambia kwa fahari. "Unachagua mti mzuri, unauvua gome lote kama soksi, unalikunja, unafunga kwa kamba."

"Na mti?"

"Mti unakauka."

Aliangalia viatu vyake, akaendelea kutembea. Nililiona hilo, lakini sikulifuata lilikokwenda.

Adhuhuri ilipofika yeye alikwenda kuswali kwenye banda la mlangoni. Nyandwi akamfuata kutafuta maji ya kunywa. Nikabaki peke yangu kando ya kijito. Hapo ndipo nilipowaona. Nyuki wamekuja kunywa.

Mnaofanya kazi hii mnajua. Nyuki akinywa akashiba anakuwa mzito, anaruka moja kwa moja kwenda kwake, hazunguki. Nikakaa nikawaangalia kumi, ishirini, wote wanashika njia moja. Nikaifuata. Ikanirudisha kwenye mvule. Juu kidogo ya kichwa changu, kwenye kona ya mzizi mkubwa, palikuwa na ufa, na mlangoni mwa ufa nyuki wanatoka na kuingia kama watu wa mnadani. Bi Zuwena amepita pale miaka yote hajawaona. Wageni wamepiga picha za popo hawajawaona. Bukuru wa Kaniha amewaona siku ya kwanza.

Sasa nieleze nilichofanya na kwa nini, maana hapa ndipo mnaposema uongo huko Kabanga. Kwetu, anayewaona nyuki kwenye mti wasio na mwenyewe anaukata alama ya ukoo wake, na kuanzia siku ile mti ule hauguswi. Hakuna wa kuupiga shoka, hakuna wa kuurina. Alama inaulinda mti kuliko bwana misitu. Na zawadi kubwa ambayo mrina asali anaweza kumpa rafiki ni mti wenye nyuki: unakata alama yako, unafunga fundo la majani chini yake kumaanisha umetoa, naye anayepewa atakata ya kwake baadaye. Mimi mke wangu nilimposa kwa miti mitatu ya namna hiyo.

Nilifikiri: mama huyu anaacha nyumba yake kuja kutusemea kwa watu asiowajua, na mimi nimemletea nusu dumu. Nikatoa kisu changu kidogo cha masega, nikakata. Mistari mitatu na tundu moja, ukubwa wa kiganja. Nikafunga fundo la majani. Nikasimama nikaiangalia, imekaa vizuri, utomvu mweupe unashuka. Nikakaa chini kumngoja nimpe habari njema.

Bi Zuwena alikuja anatabasamu. Kisha akaona.

"Mzee wangu," akasema. "Umefanya nini?"

"Nimekupa nyuki."

Alishika mdomo wake kwa mikono miwili, na ile mikono haikushuka.

Kwa sheha

Sheha, ambaye ni kiongozi wao wa mtaa, alituita baada ya alasiri. Tukakaa barazani kwake. Nilidhani watakuwa watu watano, wakaja kama hamsini. Mabinti walikuwa wanachungulia wananionyesha kidole: ndiye huyo, mzee wa bara mwenye macho mekundu. Macho yangu ni mekundu kwa moshi wa miaka hamsini. Nitamweleza nani?

Sheha alikuwa mtu mpole. Aliuliza taratibu.

"Mzee, ulikata kwa nia gani?"

"Kwa nia njema. Nimemzawadia mama huyu nyuki."

"Nyuki wa nani?"

"Hawakuwa wa mtu. Sasa ni wa kwake."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Agawa msitu wetu kama urithi wa babake!"

Wakacheka. Mwingine akasema, "Na lile fundo la majani? Si kago hilo? Huyo ameufunga mti!"

Kago kwao ni uganga wa kufungia mali. Hapo hawakucheka. Nyandwi akasimama, akajaribu. "Wazee wangu, kwetu fundo ni kama kusema karibu. Huyu muzee hajui uganga, angejua angekuwa na meno."

Na hilo pia hawakulicheka. Akakaa.

Bibi mmoja mzee sana akanyanyua fimbo yake, watu wakanyamaza. "Mimi nauliza moja tu. Ile alama, mistari mitatu na tundu, maana yake nini?"

"Ni alama ya ukoo wetu, mama."

"Kwa hiyo umeuandika ukoo wenu kwenye mti wetu."

Ndugu zangu, nimejibu watu wengi maishani. Nimejibu mabwana misitu, nimejibu madalali wa asali, nimemjibu padri. Yule bibi sikumjibu. Kwa sababu akija mtu kutoka Pemba akakata alama yake Nyakasenyi, mimi ningemshukia na panga.

Nikaomba radhi. Nikasema nitatoa faini. Sheha akasema faini ipo na nitatoa, lakini halikuwa hilo. Akamgeukia Bi Zuwena, akamuuliza alikuwa wapi mgeni alipobaki peke yake ndani ya hifadhi. Akasema alikuwa anaswali. Mwanakamati mmoja akasema swala haina lawama, lakini mgeni haachwi peke yake, ndio sharti, na yeye mwenyewe ndiye aliyeliandika. Wakashauriana pembeni. Waliporudi wakasema Bi Zuwena asimame kwanza kuongoza wageni mpaka mambo yatulie, na habari ya kwenda bara isitajwe tena. Kamati haiwezi kumtuma mtu akawafundishe kutunza msitu watu waliokuja kuukata.

"Basi tupeni hata barua," Nyandwi aliomba.

Sheha akamtazama kwa huruma. "Nikiandika, ndugu yangu, nitaandika yote."

Tukaacha.

Asubuhi Bi Zuwena alitusindikiza mpaka kwenye gari, ingawa hakulazimika. Nilimwambia anisamehe. Akasema, "Nimekusamehe, mzee wangu. Nilikwisha funga mkoba tu." Aligeuka akaenda, haraka kama kawaida yake. Kuumwa na nyuki wote niliowarina tangu utoto hakukuniuma hivyo.

Kurudi, na mkutano

Kurudi ilikuwa siku nne. Basi halikuharibika, bahari haikupanda, na kila kitu kilichokuwa kibaya tulipokwenda kilikuwa chepesi tuliporudi, kana kwamba njia ilikuwa inatuharakisha kwenda kuaibika. Nyandwi hakunitania hata mara moja kutoka Mkoani mpaka Singida. Pale Singida nikamwambia, "Sema basi, nitukane." Akasema, "Muzee, nikikutukana nitaanza kulia." Tukanunua kuku wa kuchoma, tukagawana.

Alinishauri tuseme mama yule aliugua. Nilikataa. Sikusoma, lakini sijawahi kusimama mbele ya watu wa Kaniha nikadanganya, na nisingeanza nikiwa na mvi.

Mkutano ulikaa kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti wa kijiji akauliza, "Mzee Bukuru, shahidi yuko wapi?" Nikasimama nikasema yote, kuanzia mlangoni mwa hifadhi mpaka kwa sheha. Nikasema nilichokiona pia, kuwa kuni zinaachwa zioze, kuwa watu wanalipa kuangalia popo, kuwa kijiji kile kinaishi. Sijui kama kuna aliyesikia sehemu hiyo. Watu walikuwa bado wanacheka ile ya fundo la majani.

Kisha akasimama Deo. Deo ni kijana wa watu, ana watoto watatu, analima shamba la kukodi kila mwaka na kila mwaka anahamishwa. Si mtu mbaya. Alinisalimu kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee wetu nakuheshimu. Ila nielewesheni wenzangu. Pemba, mti mmoja umetolewa gome kipande kama kiganja, kijiji kizima kimeacha kazi kikakaa. Hapa mzee wetu ana mizinga sabini na tatu. Kila mzinga ni mti mmoja umevuliwa gome lote ukafa. Na hiyo ni inayoning'inia leo, iliyooza hatujataja. Sasa nani anaumaliza msitu wa Nyakasenyi? Mimi sijaingia hata na panga."

Nilisimama nimjibu. Nikafungua mdomo, nikaona uso wa Bi Zuwena alipokuwa anaangalia viatu vyake. Alikuwa amelijua hilo kabla ya mvule, kabla ya kisu. Angekuja Kaniha angelisema, kwa upole, na pengine tungebadilika, tukatundika mizinga ya mbao, tukashinda. Lakini alilisema Deo, na Deo alikuwa anataka mahindi.

Nikakaa chini. Mikono ikainuliwa. Sikuigeuza shingo kuhesabu.

Walianza kufyeka baada ya wiki mbili. Kila kaya imepata kipande, nami nimepata cha kwangu kama mwanakijiji mwingine. Sikukifyeka. Nilifikiri nitaacha hata ekari zile mbili zisimame na nyuki wabaki humo. Jirani zangu wa kulia na kushoto wamepanda mahindi, viwavijeshi wakaja, wakapuliza dawa. Nyuki wangu wakawa wanaanguka chini ya miti kama maharage yaliyomwagika. Waliobaki waliondoka wote siku moja, mchana. Niliwasikia wakipita juu ya paa. Nilitoka nje nikaangalia njia waliyoshika. Hawakushika njia moja. Walizunguka zunguka, kama wasiojua kwao ni wapi.

Nyandwi sasa anafanya kazi ya kubadilisha fedha pale Kabanga, mnamwona. Bi Zuwena nilimpigia simu mara mbili. Mara ya kwanza alipokea, akasema bado hajarudishwa kazini, na kwamba ile alama kwenye mvule imetoa maji kwa muda mrefu, sasa imekauka. Mara ya pili haikupokelewa.

Wengine mnauliza nina nini leo. Nina nyumba ya bati ya vyumba vinne, niliijenga kwa asali. Nina migomba, ekari moja na nusu. Nina mbuzi sita na jogoo. Nina baiskeli, matairi mazima. Nina mke, na watoto watano waliosoma kunizidi. Nina ekari mbili Nyakasenyi zenye miti, na ninaambiwa nisipozilima mwakani atapewa mwingine. Mizinga iko sabini na tatu, nimeishusha yote, imelala nyuma ya banda la mbuzi. Anayetaka kuni aje achukue.